Jino Moja la Mkanda

Gari liliwashwa uani kabla umande haujakauka, na nyumba nzima ikatetemeka nalo. Vikombe viligongana kabatini. Nahla, aliyekuwa amekaa mkekani na nguo yake nyeupe ya eda, alisogea mpaka ubavuni mwa dirisha, pahala ambapo pazia lilimwezesha kuona bila ya kuonekana.

Lilikuwa gari dogo la mizigo, kirikuu, ambalo injini yake imelazwa chini ya viti. Kiti cha abiria kilikuwa kimeinuliwa na injini iko wazi. Mzee Ahmada, baba wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni mwa gari mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kumzuru mgonjwa na hajui aseme nini. Fundi Silima alikuwa amechomeka kidude chake cha kusomea chini ya usukani, na majibu yanamjia kwenye simu.

"Tazama hapa, mzee," alisema Silima, akazima injini. "Nikifungua ufunguo bila ya kuwasha, sensa ya presha inasoma mia moja na kitu. Hiyo ni hewa hii tunayovuta mie na weye. Injini ikiwaka, inanyonya. Ndani ya bomba lake hewa huwa chache, na namba hutakiwa ishuke mpaka thelathini na kitu." Akawasha tena, na vikombe vikaanza tena kugongana. "Hii imegoma kwenye hamsini."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ama injini hainyonyi sawasawa, ama sensa inasema uongo."

"Na weye wasemaje?"

Silima alikuwa na mazoea ya kufuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa kabla ya kujibu neno zito. Alivifuta vyote. "Tuanze na sensa," alisema. "Ndiyo kazi nyepesi."

Nyuma ya pazia Nahla alifumba macho. Sensa haikuwa ikisema uongo, na yeye akilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale uani.

Usama, mumewe, ndiye aliyeifungua injini ile mara ya mwisho, akabadilisha mkanda wa taiming, ule wa meno unaozipangia valvu wakati wa kufungua na kufunga. Ulikuwa msimu umepamba moto, magunia ya karafuu yanamngoja Mtambile kwa watu aliowapa ahadi, mvua inanyemelea na umeme umekatika. Nahla ndiye aliyemshikia tochi. Alipomaliza kurudisha kila kitu na kuwasha, alisikiliza, akacheka peke yake. "Limeruka jino moja," alimwambia mkewe. "Mkanda nimeupachika nyuma kidogo. Litakwenda hivyo hivyo. Ijumaa nitalifungua tena." Kisha, akinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaongeza, "Usimwambie Baba. Atanicheka mpaka Idi."

Alhamisi homa ikampanda. Ijumaa wakamzika.

Neno lile la mzaha likabaki kwa Nahla kama amana. Kila alipotaka kulitoa alimsikia Usama akilisema, naye hakuona vipi mke aliyefiwa, angali ndani ya eda, ataanza kwa kutangaza kosa la mumewe. Tena kosa lenyewe lilikuwa kwenye kazi yake ya mwisho. Watu waliokuja tanzia walikuwa wakipita kwanza kwenye lile gari, wanaligusa ubavu, wanasema mkono ule hautapatikana tena. Na Mzee Ahmada akiwajibu wote kwa maneno hayo hayo, kwamba injini ile aliifunga Usama mwenyewe, peke yake, gizani.

*

Sensa mpya ilikuja na boti kutoka Unguja. Mzee Ahmada aliifuata bandarini Mkoani na akairudisha nyumbani ndani ya leso, kama kitu kinachoweza kuvunjika kwa kutazamwa. Silima akaipachika na kuwasha injini. Namba ikashuka kutoka mia, ikafika hamsini, ikakaa.

Hata hivyo mzee alilipeleka gari kazini, kwa kuwa msimu haungoji. Yaliyomkuta huko aliyasimulia jioni, akila kidogo kidogo, huku Bi Mwanaasha mkewe akimsogezea mchuzi asioutaka. Alikuwa amechukua unga na sukari ya Bi Mwanapili, mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Kisiwa Panza, azifikishe pwani kwenye mashua kabla maji hayajatoka. Kwenye mlima wa kwanza gari likaanza kukohoa, kwenye wa pili likasimama. Vijana wakaja kulisukuma. Mmoja akamuuliza kama anataka walipeleke diko, kwenye mashua, au hospitali, na wenzake wakacheka, kisha mmoja wao akamtambua kuwa ni baba yake Usama, wakanyamaza ghafla. Mzee alisema kicheko chao hakikumuuma. Kilichomuuma ni ule ukimya wao.

Bi Mwanapili hakugomba. Alimpa pole, akamlipa nusu ya safari kwa ajili ya marehemu, akahamishia mizigo yake kwenye gari la mtu mwingine. Siku ya pili hakupiga simu, wala siku zilizofuata.

"Angenitukana," alisema Mzee Ahmada. "Akinitukana nitajua bado ananihesabu kuwa ni mtu wa kazi."

Nahla alitoka kuondoa sahani. Kijiko kilimponyoka, kikaanguka. Bi Mwanaasha alimtazama, akadhani ni uchovu wa huzuni, akamwambia aende akalale.

*

Silima alirudi, safari hii na geji yake ya vakyumu, ya kupimia jinsi injini inavyonyonya, saa ya duara yenye mshale mmoja, ya zamani kuliko yeye. Aliyasoma mambo hayo mwenyewe, kwa vitabu vilivyochanika na kwa kuharibu magari ya watu wapole, na alikuwa na njia yake ya kufanya kazi ambayo haikuharakishwa na mtu. Kwanza alimwagia maji mipira yote ya hewa, moja baada ya moja, kusikiliza kama injini itabadilisha sauti. Haikubadilisha, hapakuwa na pahala panapovuja. Kisha akafungua bomba la moshi, asije akawa ni kuziba. Halikuziba. Ndipo akachomeka mpira wa geji na kuwasha.

Usama na Silima walikuwa marafiki, na kwa Silima nyumba ile ilikuwa kama kwao. Akawa anamueleza mzee kila hatua, kwa sababu aliona kwamba mzee anahitaji kusikia sauti ya mtu. Mshale ukitingishika, alisema, valvu moja imeungua. Mshale ukipanda na kushuka polepole, mafuta na hewa havijapatana. "Na ukiwa chini, umetulia tu?" aliuliza Mzee Ahmada, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

Nahla aliuona mgongo wa Silima ukikaza. Fundi alizima injini, akafuta vidole vyote kumi, akaanza tena kwenye cha kwanza.

"Mzee, huku mbele kwenye mkanda, nani alifungua mara ya mwisho?"

"Usama, bwana. Nani mwengine?"

"Ndiyo," alisema Silima. "Ndiyo." Akachomoa mpira, akaifunga geji ndani ya gazeti lake. "Labda hii sensa tuliyoletewa nayo ni feki. Siku hizi wanaleta nyingi."

Kwa hivyo akajua na yeye. Nahla alikaa chini taratibu. Wako wawili sasa, mmoja ndani na mmoja nje, wanamsitiri mtu mmoja. Na kati yao mzee mwenye ndevu nyeupe anahesabu pahala atakapopata pesa ya sensa ya tatu.

*

Sensa ya tatu nayo ilisoma hamsini. Baada ya hapo Mzee Ahmada hakumwita tena fundi. Alikuwa ameuza sehemu yake ya shamba la karafuu, mikarafuu aliyoachiwa na babu yake, ili mwanawe apate gari la kumuweka kisiwani asiende kutanga bara. Shamba halikuwepo tena, mtoto halikadhalika, na hili lililobaki lilikuwa likifa mbele ya macho yake. Akaona bora aliuze lingali linawaka.

Aliyekuja kulitazama ni Hamdan, mfugaji wa Wingwi, mtu mrefu, mchangamfu, anayesema na kila kitu kama anasema na ng'ombe. Alilizunguka gari akalipiga kofi mbavuni. Alipoliwasha aliangua kicheko.

"Mzee wangu, hili lina pumu. Nililitafuta gari, weye waniuzia mgonjwa."

"Ndiyo maana bei yake ni hiyo," alijibu Mzee Ahmada.

"Hiyo ni bei ya mzima anayekohoa. Mie nataka bei ya anayekata roho."

Hakuwa na nia mbaya. Ni maneno ya mnadani. Mzee Ahmada aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye bei ambayo Nahla hakuweza kuamini kwamba anaisikia, mzee alisema neno moja tu, nimekubali, wakashikana mikono, na Hamdan akatoa arubuni. Angekuja kulichukua Jumapili na pesa zilizobaki.

Alipokwisha kuondoka, Bi Mwanaasha aliingia chumbani kwa Nahla, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema, kana kwamba anazungumza habari za jirani, "Basi limekwenda. Kazi ya mkono wa mwanangu inakwenda Wingwi kubeba majani ya ng'ombe."

Nahla hakuweza tena kujizuia.

"Mama," alisema, "gari si bovu."

Akaeleza. Alieleza tochi na mvua, na mkanda, na Ijumaa. Bi Mwanaasha alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza, kisha akanyanyuka na kumwita mumewe, kwa sauti ambayo Nahla hakuwahi kuisikia kwake. Ikabidi aeleze tena, mara hii mbele ya baba yake mkwe, macho chini.

"Alikwambia usinambie?" aliuliza Mzee Ahmada.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

"Alisema utamcheka mpaka Idi."

Mzee Ahmada alifungua kinywa. Kilichotoka kilianza kama kicheko. "Ningemcheka," alisema. "Wallahi ningemcheka," na akafunika uso wake kwa viganja vyote viwili, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na wanawake wale wawili wakatazama kando ili asitazamwe.

*

Silima aliitwa, akaja mbio. Mzee alimkalisha barazani, akamuuliza bila ya ukali kama alijua. Nahla alikuwa nyuma ya mlango.

"Nilijua kwenye mshale," alisema Silima. "Ukiwa chini na umetulia, valvu zinachelewa kufunga. Mkanda uko nyuma. Hakuna jengine."

"Na ukaniacha nikanunua sensa."

"Uliniambia injini kafunga Usama." Alitafuta kitambaa chake, hakukipata, akavisugua vidole kwenye suruali. "Nikaona, nani mie wa kuja kwa baba yake, kaburi bado bichi, nimwambie mwanao alikosea? Nikasema sensa. Sensa haina baba wala mama. Nilikuwa natafuta siku nzuri nije nilifungue kwa siri, nawe hukuniita tena."

"Alijua mwenyewe," alisema mzee. "Alisikia tu likiwaka, akajua. Hakuhitaji hata hicho kisaa chako."

"Alijua?" Silima aligeukia mlango uliokuwa wazi kidogo. "Shemegi, kweli alijua?"

"Alisema jino moja," alijibu Nahla kutoka nyuma ya mlango.

Silima aliinamisha kichwa. "Basi alikuwa fundi," alisema.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi nzima ya siku ya pili. Wakati wa kurudisha mkanda mzee alitaka aushike yeye, na Silima akamwachia, akamuonesha alama za kulinganisha. Gari lilipowaka, Nahla alisubiri vikombe. Havikugongana. Kule uani Silima aliisoma namba kwa sauti, kwa ajili ya kila mtu aliyekuwa na masikio: mia, sitini, arubaini, thelathini na mbili. Ikakaa hapo, na injini ikawa inapumua kama mtoto aliyelala.

Bi Mwanaasha alikuwa wa kwanza kusema lile ambalo wote walikuwa nalo moyoni. Ampigie Hamdan, amrudishie arubuni yake.

Mzee Ahmada alisita. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa neno, na hajapata kulirudisha neno lake. Lakini alipiga. Alimweleza Hamdan kwamba hali imebadilika, kwamba angependa, kama mwenziwe ataona hapana ubaya, wauvunje ule mkataba. Kwa mara ya kwanza Hamdan hakutia mzaha.

"Mzee wangu," alisema, "ingekuwa jana ningekwambia sawa. Leo asubuhi nimeshauza ng'ombe wangu watatu kwa ajili ya hilo gari. Walichinjwa hapo hapo. Nikanunue nini sasa?"

"Haya," alisema Mzee Ahmada. "Haya, baba. Njoo Jumapili."

Jana. Nahla alilisikia neno hilo nyuma ya pazia na likamkaa kifuani. Si kwamba amechelewa wiki nyingi. Hilo alikuwa amekwisha kulikubali. Amechelewa siku moja tu.

*

Hamdan alikuja, akahesabu pesa, akaingia garini. Alipowasha, akazima. Akawasha tena, akashuka na uso umembadilika.

"Mzee, hili ndilo lile?"

Bi Mwanaasha alikuwa mlangoni. Nahla aliona jinsi mama mkwe wake alivyoushika mtandio wake shingoni, kwa kujua kwamba hapa pana jibu jepesi: tulibadilisha sensa. Mtu wa Wingwi angeondoka na jibu hilo na hakuna jina ambalo lingeguswa.

"Ndilo," alisema Mzee Ahmada. "Mwanangu aliupachika mkanda vibaya. Alijua, akasema atalifungua Ijumaa, hakufika. Tumelifungua kwa niaba yake."

Hamdan alisimama na ufunguo mkononi. Alisema Mungu amrehemu, na kwamba bei aliyotoa si bei ya gari hili, na akataka kuongeza kitu. Mzee alikataa. Bei waliyokubaliana walikubaliana. Wakabishana kwa heshima, kila mmoja akimsukumia mwenziwe mkono, mpaka mwishowe Hamdan akaacha, akapanda, na gari likapanda barabara ya kaskazini bila ya kelele, mtu asingeweza kusema limetoka nyumba gani.

Pesa zile zililipa madeni ya sensa na ya mazishi, na zikaisha. Wiki ile ile Mzee Ahmada alikwenda kuomba kuchuma karafuu kwa malipo ya kila pishi kwenye shamba ambalo zamani sehemu yake moja ilikuwa mali yake. Mwenye shamba aliona haya kumpandisha juu ya mti mtu wa umri ule, na mzee akaiona ile haya ya mwenziwe, akapanda haraka ili iishe. Bi Mwanaasha alikwenda naye kuokota zinazodondoka. Nahla alitaka kwenda badala yake. Eda ilikuwa bado haijaisha. Alibaki nyumbani, mlango umerudishwa, akatandika vitanda vya watu wazima wawili walioondoka alfajiri kufanya kazi aliyowasababishia.

Magharibi walirudi na gunia. Mzee Ahmada alilimimina juu ya jamvi chumbani, mbele ya miguu ya Nahla, harufu ikapanda mpaka machoni.

"Kuchambua si kutoka nje," alisema. "Kaa, mwanangu. Tusaidie."

Wakakaa watatu kulizunguka fungu, wakitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Mikono ya mzee ilikuwa imechubuka na magome. Kisha Nahla, bila ya kuinua macho, akaomba radhi. Alisema angesema mapema.

"Ungesema mapema," alikubali Mzee Ahmada. Hakulipunguza wala kuliongeza. Alichukua shada jengine. "Na yeye asingefunga gizani. Nilimwambia siku zote, ngoja asubuhi."

Tangu azikwe Usama, hakuna aliyemtaja katika nyumba ile ila kwa sifa. Nahla aliinua kichwa, akamtazama mama mkwe wake kwa hofu. Bi Mwanaasha alikuwa akichambua tu, vidole vyake vyepesi vimeanza kugeuka rangi.

"Huyo?" alisema Bi Mwanaasha. "Huyo alikuwa na haraka tangu tumboni. Mkunga alifika akamkuta keshatoka, analia peke yake kwenye mkeka."